Fahamu: Umefika Ujerumani kusoma, uanzie wapi?
Mtanzania au Mkenya anayekwenda Ujerumani kusoma au kufanya utafiti asianze na matembezi. Sheria inampa wiki 2 tangu ahamie kwenye makazi yake aandikishe anwani katika ofisi ya manispaa, akiwa na pasipoti na barua ya mwenye nyumba. Wengi hukwama kwenye barua hiyo: aliyekupangisha chumba kinyemela hataiandika, na bila cheti cha anwani hata benki zinaweza kukuzungusha. Bima ya afya nayo ni lazima.

Kibali cha ukaazi kikishatoka, Paris au Roma unapanda treni tu, bila viza nyingine, mradi usizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. London na Dublin hazimo katika utaratibu huo. Huko viza huombwa kivyake.