Hazina ya miale ya angani iliyoanzia Ngomeni

DESEMBA 12, 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Marekani ilifyatuliwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti iliyobebwa na roketi hiyo ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, nayo ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kusaka miale ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Kazi hiyo haifanyiki ardhini. Hewa inayoizingira dunia huimeza miale hiyo kabla haijatufikia, jambo lililo heri kwa viumbe lakini kikwazo kwa wataalamu wa nyota.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya miale. Leo orodha ya Chandra, darubini iliyorushwa 1999, ina zaidi ya vyanzo 400,000. Nayo eROSITA ya Wajerumani, iliyorushwa 2019 katika chombo cha Urusi, ilinasa takriban 900,000 katika nusu moja tu ya anga, kwa miezi sita.

Wingi huo si kitu iwapo data hazitahifadhiwa. Zamani zilibaki katika kanda za sumaku, kwenye kabati za waliounda vyombo. Mradi ulipokwisha na wataalamu kutawanyika, ni nani angejua kuzisoma?

Hasara yake haifidiki. Agosti 1975, Ariel 5, setilaiti ya Uingereza iliyorushwa pia kutoka Ngomeni, iliona nyota ikiwaka ghafla na kuzishinda zote kwa eksirei, isipokuwa Jua. Wataalamu walipopekua picha kuukuu za Chuo Kikuu cha Harvard, waligundua kwamba iliwahi kuwaka 1917, miaka mingi kabla ya setilaiti kuwako. Baadaye ilibainika kuwa hapo pana shimo jeusi linalofyonza gesi ya nyota jirani. Aliyezitunza picha hizo hakuwa na habari na eksirei za angani.

Mwaka wa 1990, Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) lilianzisha hifadhi maalumu, HEASARC, katika kituo cha Goddard, Maryland. Huko data za vyombo mbalimbali huwekwa katika muundo mmoja, pamoja na vipimo vya kila chombo na programu za kuzichambua, bila malipo. Kwa kawaida aliyeomba darubini ielekezwe mahali fulani hupewa muda fulani wa kuzitumia peke yake, kisha huwa za wote.

Utaratibu huo umezaa matunda. Mwaka wa 2010, watafiti watatu wa Harvard walichambua data za wazi za darubini ya Fermi, wakakuta mapovu mawili makubwa ya miale ya gama juu na chini ya kitovu cha kundi letu la nyota.

Si milango yote iliyo wazi, lakini. Wajerumani walitoa data za nusu yao Januari 2024. Nusu ya pili ya anga iliyopigwa na eROSITA ni haki ya wanasayansi wa Urusi, na darubini yenyewe ilizimwa Februari 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Data za Uhuru, zilizokusanywa zaidi ya miaka 50 iliyopita, zaweza kusomwa na yeyote mwenye tarakilishi na intaneti, awe Maryland au Malindi.