Rabo ya umeme: visu vinazunguka hata nyuma ya kuzima

Msimu wa kakao ukikaribia, koperative nyingi za upande wa Beni na Mambasa zinatengeneza ao kurekebisha masanduku ya kuvundikia kakao. Zamani fundi alikuwa anatoka jasho siku nzima na rabo ya mkono juu ya sanduku moja tu. Siku hizi koperative inanunua rabo ya umeme (wengine wanasema randa), inawasha gurupu, na mbao za masanduku kadhaa zinalainishwa siku moja. Kazi ya kulainisha si ya urembo. Ubao wenye nyuzi-nyuzi na mashimo unashika utomvu wa kakao, hausafishiki vizuri, na ukungu unapata nyumba.

Tulitembelea atelie ya koperative moja ambapo kijana seremala alikuwa na kitambaa kwenye mkono wa kushoto. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimekatwa. Tulifikiri mashine iliharibika, ao mtu aliiwasha bila yeye kujua. Hapana. Alituelezea kwamba alimaliza kulainisha ubao, akaachia kitufe, akaweka mashine juu ya meza. Visu vilikuwa bado vinazunguka. Vikashika meza, mashine ikatembea yenyewe mpaka pembeni, ikataka kuanguka. Yeye, kwa kuogopa mali ya koperative itapasuka, akaidaka kwa chini.

Alikuwa amekwisha kuizima. Ndiyo jambo ambalo wengi wetu hatulijui kuhusu mashine hii. Ndani yake kuna gogo la chuma lenye visu viwili, na linazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja. Ukiachia kitufe, umeme unakatika palepale, lakini gogo lina uzito na mwendo, linaendelea sekunde kadhaa. Sauti inapungua, mtu anafikiri imekwisha, kumbe visu vingali vinakata. Kwa hiyo, ukimaliza kupitisha, inua mashine, ishike kwa mikono yote miwili, ngoja mpaka usikie kimya kabisa. Kisha ilaze kwa ubavu, ao iegemeze sehemu ya mbele juu ya kipande cha ubao ili visu visiguse kitu. Mashine zingine zina mguu mdogo nyuma unaoshuka wenyewe ili kuinua visu. Angalia kama yenu iko nao, na kama haujakwamishwa na vumbi. Na mashine ikianguka, iache ianguke! Mashine inanunuliwa tena.

Mikono yote miwili kwenye mashine maana yake ubao hauwezi kushikwa na mkono. Kaza ubao juu ya meza na kibano, ao pigilia kipande cha mbao mezani mbele yake ili usisukumwe. Hatupendi ile desturi ya kumwambia mtoto akalie ubao. Tumeiona zaidi ya mara moja.

Mbele ya kuanza, pitisha macho na kiganja juu ya ubao mzima. Mbao zilizobomolewa kwa nyumba ya zamani zina misumari, na msumari mmoja unavunja ncha ya kisu na kurusha kipande cha chuma. Ubao mfupi kuliko mashine yenyewe usiupitishe kwa rabo ya umeme. Chukua rabo ya mkono. Rekebisha kina kwa kifundo cha mbele. Kwa mbao ngumu nusu milimeta inatosha, upitishe mara mbili ao tatu, kuliko kulazimisha milimeta mbili kwa mara moja. Washa mashine ikiwa hewani, ngoja ishike mwendo, ndipo uiingize. Mwanzoni gandamiza sehemu ya mbele, na ukifika mwisho wa ubao hamisha uzito nyuma, la sivyo ncha ya ubao itaingia shimo.

Kuhusu mavazi: lunete za kukinga macho, na kitambaa kwenye pua, kwani vumbi la mbao ngumu linaumiza kifua. Usivae mikono mirefu inayoning'inia wala glavu za kitambaa. Mama anayefanya kazi hii akaze vizuri kikwembe na kitambaa cha kichwa.

Umeme nao una mambo yake. Rabo nyingi zinakula kati ya wati 600 na 900, na zinapoanza zinavuta zaidi. Gurupu ndogo ambayo tayari imebeba frigo na kushaji ya simu za kijiji kizima inashindwa, umeme unashuka, mota inapata moto. Ralonji ndefu na nyembamba inaleta shida ileile. Ukitumia ralonji, ifungue yote, usiiache imezungushwa, kwani inaweza kuyeyuka. Pitisha waya juu ya bega, ukae nyuma yako, usiwe kwenye njia ya visu. Usitumie mashine kwenye mvua ao juu ya udongo wenye maji. Gurupu ikae nje siku zote. Moshi wake ndani ya nyumba unaua watu.

Sasa visu, ambapo mafundi wengi wanakosea. Utajua kisu kimechoka wakati mashine inatoa unga badala ya maranda, ubao unanuka kuungua, na wewe unasukuma kwa nguvu. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwani mtu anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeteleza. Chomoa fishi kwanza. Si kuzima kitufe, si kuzima gurupu: chomoa fishi, uiweke mahali unaiona. Fanya hivyo hata kama ni maranda tu yaliyoziba tundu la kutokea, na uyatoe kwa kijiti, si kwa kidole.

Legeza bulo zinazokaza kisu, ukitoe, safisha nafasi yake na kitambaa. Visu vingi vya siku hizi vina makali pande mbili: upande mmoja ukichoka, unageuza. Geuza ao badilisha vyote viwili pamoja, ili uzito ulingane, la sivyo mashine itatetemeka. Kisha laza kipande cha ubao kilichonyooka juu ya bamba la nyuma la mashine na zungusha gogo polepole kwa kijiti. Kisu kinatakiwa kuugusa kidogo tu, sawasawa kushoto na kulia. Kaza bulo, zungusha tena mzunguko mzima, hakikisha hakuna kinachogusa. Ndipo urudishe fishi, uwashe hewani mbali na watu. Ukisikia kutetemeka, zima, uanze upya.

Ajali ikitokea, gandamiza kidonda na kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua, peleka mtu kwenye kituo cha afya bila kungoja damu ikauke yenyewe. Uliza pia kuhusu sindano ya tetanosi.

Yule kijana amerudi atelie. Komite iliamua kwamba ufunguo wa bulo za visu ufungwe kwa kamba kwenye fishi ya mashine. Kamba ni fupi, haufiki kwenye visu kama fishi iko ndani ya prizi. Tulijaribu sisi wenyewe, haufiki.