Mbwa Mzee Nyumbani: Maradhi Yanayojificha Nyuma ya Neno "Uzee"

Katika kaya nyingi za Tanzania mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na thamani yake hupimwa kwa wepesi wake wa kukimbilia geti. Siku anapochelewa kuinuka mgeni anapobisha hodi, wenye nyumba husema amezeeka, na kwa kauli hiyo shauri huwa limekwisha. Lakini uzee peke yake si ugonjwa. Nyuma ya neno hilo hujificha maumivu, maradhi yanayotibika na, mara chache, hatari inayowakabili watu wa nyumba hiyo wenyewe. Kwa sababu hiyo jambo hili haliwahusu madaktari wa mifugo tu, bali pia mhudumu wa zahanati na muuzaji wa duka la dawa, ambao mara nyingi ndio wanaoulizwa kwanza.

Desturi ya kuhesabu kila mwaka wa mbwa kuwa sawa na miaka saba ya binadamu haina usahihi. Mbwa wa umbo kubwa huanza kuzeeka akiwa na miaka sita au saba, ilhali mdogo aweza kufikisha kumi akiwa bado mchangamfu. Mvi za puani ni za kawaida. Hata ukungu wa buluu unaotanda machoni mara nyingi ni kukazana kwa lenzi tu, na mbwa huendelea kuona vizuri. Mtoto wa jicho huwa na weupe mzito zaidi, na mbwa mwenye nao hujigonga kwenye vitu, hasa vitu hivyo vikihamishwa.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni maumivu ya viungo. Gegedu inayotenganisha mifupa hulika kadiri miaka inavyopita, na kiungo huvimba na kukakamaa. Mbwa hawezi kueleza, na mara nyingi hata halii. Dalili zake ni za kimyakimya: anajinyoosha kwa shida asubuhi baada ya kulala kwenye sakafu ya saruji, anasitasita mbele ya ngazi, analamba kiungo kimoja mara kwa mara, au anamng'akia mtoto aliyezoea kumkumbatia. Mbwa wa namna hii huitwa mkali au mvivu, kumbe anaumwa.

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka, na hutendeka kwa nia njema. Mwenye mbwa huchukua kidonge alichoandikiwa yeye kwa maumivu ya mgongo, akakificha ndani ya tonge la ugali. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuziua figo zake kwa kiasi ambacho mtu mzima hukimeza bila wasiwasi. Parasetamoli nayo, ikizidi, huharibu ini na kuipunguzia damu uwezo wa kubeba oksijeni. Kwa paka kidonge kimoja chaweza kuwa kifo. Baadhi ya dawa hutumika kwa binadamu na kwa mbwa pia, na huko ndiko kunakopotosha. Meloksikamu ni mfano mzuri. Baada ya siku ya kwanza ya tiba, mbwa hupewa takribani miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 15 anahitaji basi miligramu 1.5, wakati kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5, yaani mara tano. Muuzaji wa dawa anayeulizwa "kidonge cha mbwa" afanye jambo moja tu: amwelekeze mteja kwa daktari wa mifugo. Na iwapo mbwa amekwisha kumezeshwa, akaanza kutapika damu au kutoa kinyesi cheusi kama lami, asisubiriwe hadi kesho.

Yapo mengi yanayowezekana nyumbani bila dawa. La kwanza ni uzito. Mbwa mnene mwenye maumivu ya viungo hupata nafuu ya wazi akipungua, hivyo mabaki ya wali na mafuta yapunguzwe, lakini nyama au dagaa visiondolewe, kwa kuwa misuli ya mzee huisha upesi. (Zipo nyumba ambako mbwa akiacha kubweka ndipo chakula chake hupunguzwa, kana kwamba ni mshahara; hiyo si tiba.) Gunia lililojazwa majani makavu na kuwekwa mahali pasipo na unyevu hulinda viungo kuliko saruji tupu. Matembezi yawe mafupi na ya mara kwa mara, kucha zikatwe, na maji yawe karibu.

Maji hayo yaangaliwe. Mbwa mzee anayekunywa kuliko desturi yake huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari. Akiwa jike asiyefungwa kizazi, na alikuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, pana uwezekano wa kizazi kujaa usaha. Huacha kula, hulegea, na pengine hutokwa na uchafu wenye harufu sehemu za siri. Pengine hakuna kinachotoka, na hali hiyo ni mbaya zaidi. Hiyo ni dharura, na kwa kawaida tiba yake ni upasuaji. Fizi zilizopauka pamoja na damu puani huweza kuashiria ugonjwa uenezwao na kupe, ambao hutibika ukigunduliwa mapema.

Baadhi ya mbwa wazee hupatwa na upungufu wa akili unaofanana na ule wa binadamu. Hutangatanga usiku, hubweka bila sababu, husimama wakikodolea ukuta, husahau mahali pa kujisaidia. Mabadiliko haya huja polepole, kwa miezi. Tabia ikibadilika kwa siku chache tu, mate yakatiririka, sauti ikageuka, au taya likalegea, kichaa cha mbwa kifikiriwe kwanza, hata kama mnyama ni mzee na hajatoka nje ya ua. Wengi hudhani mbwa huyo amekwamwa na mfupa kooni, wakamtia mkono kinywani. Kwa hiyo mhudumu wa afya asiulize tu kama mtu ameumwa na mbwa. Aulize pia kama amegusa mate akiwa na mchubuko. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mgonjwa aanzishiwe chanjo bila kungoja, kwani dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Nayo chanjo ya mbwa isikatizwe kwa hoja kwamba "amebakiza siku chache".

Huja wakati ambapo mbwa hawezi tena kusimama, hali, na hajisafishi. Kumwacha afe pole pole nyuma ya nyumba, au kumtupa mbali, hakumpunguzii mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu. Uamuzi huo ufanywe na familia kwa pamoja, watoto wakiwemo. Waelezwe kwa lugha ya kweli: mtoto aliyeambiwa kwamba mbwa "amesafiri" hukaa getini akimngoja.