Nchi ya Ohinga: Jamii na Utawala Kusini mwa Nyanza

Kaunti za Migori na Homa Bay ziko kusini magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, na Migori inapakana na mkoa wa Mara wa Tanzania, hivi kwamba anayevuka mpaka wa Sirari huwa tayari yumo ndani ya nchi inayoelezwa hapa. Kwa sensa ya 2019 Migori ilikuwa na watu 1,116,436 na Homa Bay watu 1,131,950. Kila kaunti, yaani eneo lenye serikali yake kwa mujibu wa katiba ya 2010, huongozwa na gavana wa kuchaguliwa. Wenyeji wengi ni Wajaluo, pamoja na Wasuba wa ufukoni na Wakuria, ambao ni ndugu wa wale wa Tarime. Miwa hulimwa Awendo, dhahabu huchimbwa Macalder, samaki hutoka ziwani. Hayo yanatosha, kwa maana yanapatikana katika kitabu chochote cha jiografia.

Kinachostahili wino ni ohinga, yaani boma la mawe lililozunguka watu na mifugo yao. Maboma ya namna hii yalikuwa zaidi ya 500, na kubwa lililosalimika vizuri kuliko yote ni Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, ambalo lilijengwa yapata karne ya 16. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, hazina saruji, chokaa wala udongo wa kushikiza: mawe makubwa yamepangwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha katikati yakajazwa madogo, na kila jiwe hukaa kwa sababu jirani yake limekaa. Milango ni mifupi na myembamba, imefunikwa kwa mawe marefu yanayofanya kazi ambayo mafundi wa leo huifanya kwa lenta ya zege, na aingiaye hulazimika kuinama, kichwa kikitangulia mbele ya mlinzi, hali isiyomfaa mwizi wa ng'ombe hata kidogo.

Jamii zilizojilinda zinapozungumziwa, wasomi hupenda kuitaja Sparta, dola ya kijeshi ya Wagiriki wa kale, iliyokaa muda mrefu bila ukuta kwa kujivunia askari wake, ikamchukua mtoto wa kiume kwa mama yake akiwa na miaka 7 na kuwalimisha watumwa wa dola walioitwa mahiloti. Nchi ya ohinga ilichagua njia nyingine, na kwa maoni ya mwandishi huyu, njia ya busara zaidi. Miongoni mwa Wajaluo, waliohamia humo baada ya Wabantu wa awali, ruoth, yaani mtawala wa eneo, alishauriana na baraza la wazee, na vita vilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa osumba mirwayi. Vijana walilala nyumbani, si kambini, na ng'ombe walifungwa katikati ya boma, mbele ya macho ya wote. Kuta za namna hiyo haziwezi kuinuka bila watu wengi kukubaliana.

Hapo ndipo Mtanzania anapopaswa kujiuliza. Uzio wa shule hujengwa kwa saruji na ukapasuka masika ya kwanza, kisha watu husubiri wizara. Engaruka, wilayani Monduli, kuna makazi na mifereji ya mawe ya mababu, lakini mwanafunzi wa Arusha huweza kumaliza kidato cha nne bila kupelekwa huko hata mara moja.

Uvamizi ulipopungua wakati wa ukoloni, watu walitoka katika maboma wakajenga makazi yao ndani ya nyua za minyaa. Kenya iliitangaza Thimlich kuwa urithi wa taifa mwaka 1981, na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Halmashauri za Tanzania zenye magofu zianze na lililo rahisi: ziwalipe mafundi wa vijiji jirani wayapange upya mawe yaliyoanguka, kabla mvua na mifugo havijamaliza yaliyobaki.