Korongo Anayelala Mtini

Duniani kuna aina 15 za korongo. Kumi na tatu kati yao, giza likiingia, hulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi au kwenye uwanda wazi, kwa sababu mguu wao hauwezi kushika tawi. Aina mbili tu ndizo zinazopanda mtini, na zote mbili ni za Afrika: korongo-taji mweusi wa ukanda wa Saheli, na korongo-taji wa kijivu, ambaye sisi Burundi tunamwita umusambi, wengi wakiitwa imisambi. Siri yake ni kidole kimoja. Kwa korongo wengine kidole cha nyuma kimefupika, kinaning'inia juu bila kushika chochote. Cha umusambi kimebaki kirefu na chenye nguvu, kikakutana na vile vya mbele na kulifumbata tawi barabara.

Kwa mtazamaji wa ndege, kidole hicho ndicho kinachopanga siku nzima. Alfajiri imisambi wako juu, kwenye mkuyu au mkaratusi mrefu uliosalia ukingoni mwa bonde. Jua likichomoza hushuka wawili wawili kwenda kutafuta chakula, na jioni hurudi kulala mtini. Kwa hiyo safari nzuri ya kuwatazama huanza kabla hapajapambazuka sawasawa, kwa miguu, ukiwa na darubini na mwenyeji anayejua ni mti upi unaolaliwa msimu huu. Ukienda bila mwenyeji, utashinda unapanda na kushuka vilima, nao utawaona kwa mbali tu, vichwa vikitokeza juu ya majani na kuzama tena.

Bonde la kuwafuatia ni la mto Ruvubu. Mto huu unaanzia karibu na Kayanza na kuteremka kusini; karibu na Gitega unapokea maji ya Ruvyironza, kisha unageuka kuelekea kaskazini mashariki hadi mpakani mwa Tanzania. Baada ya kilomita 480 hivi unakutana na Nyabarongo, na kutoka hapo ni Kagera, mto unaomwaga maji yake Ziwa Viktoria. Ruvyironza nao unatoka pande za Rutovu, kwenye chemchemi inayohesabiwa kuwa ya kusini kabisa katika mto Nile, ambako mwaka 1938 ilijengwa piramidi ndogo ya mawe. Maji anayokanyaga umusambi karibu na Gitega yako njiani kwenda Misri.

Ukishika barabara ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karusi, utauvuka Ruvubu, na mashariki yako, ng'ambo ya vilima, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu. Ilianzishwa mwaka 1980, ina hekta zipatazo 50,800, na ni kubwa kuliko hifadhi zote za nchi. Imegusa mikoa minne ya zamani: Karusi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi, na familia zilizokuwa zikiishi humo zilihamishwa ili iwepo. Ina nyati, viboko, nyani na kuro, na ndege wa aina zaidi ya 400, idadi kubwa mno kwa eneo dogo kama hilo. Mafunjo yanayofuata mto yana ndege wao ambao hawaishi penginepo, kama yule mwenye kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano, ambaye dume na jike huimba kwa kupokezana haraka hata ukadhani sauti ni moja.

Lakini kwa umusambi hifadhi ni sehemu tu ya habari. Yeye hapendi mafunjo marefu yaliyoshonana, wala msitu. Anataka mambo mawili kwa pamoja: kinamasi chenye majani na ndago za kumfika kifuani, apate kujenga kiota, na jirani yake uwanja wazi wenye majani mafupi, apate kula. Sasa tazama kilima chochote cha Burundi: nyumba na migomba juu, mashamba ubavuni, malisho yanayofuata, na chini kabisa bonde la majimaji. Ni kana kwamba kilichorwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu nasema safari ya kumwona umusambi isiishie langoni mwa hifadhi. Ipite mashambani, kwenye mabonde ambayo watu wanalima maharagwe na mpunga, maana huko ndiko anakoishi kati yetu na huko ndiko maisha yake yatakakoamuliwa.

Ukimkaribia kiasi cha kutosha, jambo la kwanza linaloshangaza ni ukubwa. Amesimama, ana urefu wa mita moja. Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha ni mita mbili. Na bado uzito wake ni kilo tatu na nusu tu hivi. Mwili ni wa kijivu, mabawa ni meupe yenye sehemu ya hudhurungi na nyuzi za dhahabu. Shavu ni jeupe, na juu yake pana alama nyekundu. Chini ya kidevu ananing'iniza mfuko mwekundu wa ngozi, anaoujaza hewa anapotoa sauti. Taji lenyewe, lililompa jina, ni shada la manyoya magumu ya dhahabu, membamba kama nyuzi za mkonge. Jua la asubuhi likilipiga kwa nyuma linawaka lote.

Mwangalie anavyokula. Anatembea polepole, anainua mguu, anaupiga chini kwa kishindo, anatulia, anaupiga tena. Wadudu waliojificha kwenye majani hutishika na kuruka, na kabla panzi hajatua ameshadonolewa. Mara nyingine hutembea nyuma ya ng'ombe wanaochungwa bondeni, maana kwato zinamfanyia kazi ileile. Hula pia mbegu za majani, minyoo, vyura, na nafaka, jambo linalomletea ugomvi tutakaoufikia.

Kisha kuna ngoma. Mmoja huinamisha kichwa, wa pili humjibu, na ghafla mmoja anaruka juu na mabawa yamekunjuliwa, anatua, anazunguka, anaokota kijiti au unyasi na kuurusha. Wengi wanajua kwamba dume na jike huchezeana hivyo kabla ya kutaga. Lisilojulikana sana ni kwamba hucheza mwaka mzima, wakubwa na vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa, wakati mwingine kundi zima kwa mara moja. Wataalamu wanaona kwamba ndivyo wenzi wanavyokazia uhusiano wao na vijana wanavyojifunza kuishi na wenzao. Mimi natoka Gitega, nchi ya ngoma za Gishora, na nakiri kwamba sijaona mchezaji aliyeipokea ardhi kwa wepesi kama huyu ndege.

Sauti yake nayo ina historia. Korongo wengine wana koo la hewa refu linalojikunja ndani ya mfupa wa kidari, ndiyo maana wito wao husikika kama tarumbeta. Koo la umusambi halijikunji hivyo. Anatoa mlio wa chini, mzito, wa kama panda, ambao husikika bonde zima. Koo hilo fupi, pamoja na kile kidole kirefu, ni alama za ukoo wa kale: korongo-taji wanahesabiwa kuwa tawi lililotengana mapema zaidi na korongo wengine wote. Zamani ukoo wao ulienea mbali. Huko Nebraska, Marekani, kwenye machimbo ya Ashfall, pamekutwa mifupa ya korongo-taji waliofunikwa na majivu ya volkano miaka karibu milioni 12 iliyopita, pamoja na vifaru na farasi wa zama hizo. Dunia ilipopoa, barafu ikatanda kaskazini, ukoo huu usiostahimili baridi kali ulibaki Afrika peke yake.

Ndege aliyevuka yote hayo sasa anapungua mbele ya macho yetu. Mwaka 1985 korongo-taji wa kijivu walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, kuanzia Uganda na Kenya hadi Afrika Kusini. Miaka karibu 30 baadaye makadirio yalishuka hadi kati ya 26,500 na 33,500. Mwaka 2012 aliingizwa rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anapeperuka kwenye bendera ya Uganda na timu ya taifa ya nchi hiyo inaitwa kwa jina lake, lakini heshima hiyo haijamzuia kupungua hata huko.

Sababu ya kwanza ni kiota. Dume na jike huyakanyaga majani katikati ya kinamasi na kuyalundika mpaka yawe jukwaa juu ya maji. Jike hutaga mayai mawili hadi manne, na hakuna korongo mwingine anayetaga mengi hivyo kwa mara moja. Huatamia kwa zamu kwa mwezi mmoja hivi. Vifaranga wakitoka, hawakai kiotani. Muda mfupi tu baada ya kuanguliwa wanatembea na kuogelea nyuma ya wazazi wao. Lakini kuruka ni jambo jingine. Itachukua miezi miwili hadi mitatu na zaidi kabla bawa halijaweza kubeba mwili. Kwa muda wote huo mtoto yeyote mwenye mbio anaweza kumkamata kwa mikono.

Na bonde la Burundi halikai bure. Nchi ina kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakiishi kwa jembe. Kiangazi kikikausha mashamba ya juu, watu hushuka kulima msimu wa tatu kwenye unyevu wa bondeni. Hapo mfereji unachimbwa, maji yanashuka, na kiota kilichokuwa kisiwani kinajikuta nchi kavu, njia ya mbwa na ya watoto. Pembeni watu wanachimba udongo wa matofali na kuuchoma kwenye tanuri. Siwezi kumlaumu mama anayelima tuta la viazi ili watoto wale mwezi wa nane. Naye ana haki ya kukasirika anapokuta imisambi wamefukua mahindi aliyopanda jana. Ila mahali pengine katika kanda hii hasira hiyo imefika kwenye sumu, na kundi zima la ndege wanaozaa polepole hivi likifa siku moja, pengo lake halizibwi mwaka unaofuata.

Kuna sababu nyingine isiyo na utetezi wa njaa: uzuri wake. Kwa miaka mingi vifaranga wamekamatwa na kuuzwa ili kupamba bustani za hoteli na nyumba za wenye nazo. Wanakatwa au kuvunjwa mabawa wasiruke. Katika kifungo cha namna hiyo ni nadra sana wazae. Umusambi anayetembea kwenye nyasi za ua, hata akilishwa vizuri, kwa upande wa kizazi chake ameshatoweka.

Majirani zetu Rwanda wameonyesha kwamba hili linaweza kurudishwa nyuma. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika lake walianza mwaka 2014 kuwaomba watu waliofuga imisambi wawaandikishe, kisha wawatoe bila kuadhibiwa. Zaidi ya 200 walitolewa majumbani. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Akagera wajifunze upya kuruka. Wale ambao mabawa yao hayatapona kamwe wametengewa makazi yao Kigali, Kijiji cha Umusambi, ambako watu huenda kuwatazama. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata ndege 487 wa porini. Ya mwaka 2021 ilipata 881.

Kwa upande wa utalii, mfano ninaoupenda uko mbali zaidi, Himalaya. Katika bonde la Phobjikha nchini Bhutan, kwenye kimo cha karibu mita 3,000, korongo wenye shingo nyeusi hushuka kila mwaka kutoka nyanda za juu za Tibet kukimbia baridi. Wenyeji husema ndege hao huizunguka nyumba ya watawa ya Gangtey mara tatu wanapofika. Tangu mwaka 1998 bonde hilo linafanya sikukuu yao kila tarehe 11 Novemba. Umeme ulipofikishwa huko, nyaya zilifukiwa ardhini ili ndege wasijigonge. Wageni hupita na waongozaji, hulala majumbani kwa wakulima na kula viazi vyao, na fedha hubaki bondeni.

Sisi tuna jambo ambalo Phobjikha hawana. Korongo wao ni wageni wa miezi michache, umusambi hahami. Husogea tu kufuata maji na chakula, bonde hadi bonde, kwa hiyo mwezi wowote atapatikana anayetafutwa. Na anaweza kutazamwa bila gari na bila vifaa vya gharama, kwa kutembea saa mbili tatu kwenye kingo za mashamba.

Yako masharti. Nguo ziwe za rangi iliyopoa, kijani au udongo. Mtu asimame mbali na mti wa kulala, maana ndege wakisumbuliwa jioni watauhama. Jozi ikionekana imesimama mahali pamoja siku kadhaa katikati ya majani marefu, hapo pana kiota. Hapasogelewi, na picha haipigwi kwa karibu hata mgeni akilipa. Kuhesabu kufanywe machweo, ndege wanaporudi mtini, kwa sababu mchana wametawanyika na jozi moja inaweza kuhesabiwa mara mbili katika mabonde mawili.

Masharti hayo yanahitaji mtu wa kuyasimamia, na sioni anayefaa kuliko wakulima wenyewe wa mabonde yaliyo kati ya Gitega na Muyinga. Wao ndio wanaojua jozi ilifika lini, ilitaga wapi, na mbwa wa nani hafungwi. Wafundishwe kutumia darubini na kuandika hesabu, na walipwe kama waongozaji wa hifadhi wanavyolipwa. Sehemu ya malipo hayo itengwe kwa yule ambaye tuta lake liliachwa bila kulimwa mpaka vifaranga waruke: miezi mitatu, minne ukijumlisha na ya kuatamia, msimu mmoja wa viazi.