Goma kwa Dakika Saba

Mzazi aliyekulia Bukavu, Kigoma au Mombasa akiambiwa mwanawe ameingia mashindano ya hotuba shuleni hapa Marekani, hufikiria shairi la kukariri au maneno yaliyoandikwa na kurudiwa mbele ya kioo. Zipo fani za namna hiyo. Lakini ipo moja ambamo mtoto haendi na hotuba yoyote: hotuba ya papo kwa papo kuhusu masuala ya kimataifa.

Mwanafunzi huokota maswali matatu, huchagua moja, hupewa dakika 30 za kujiandaa, kisha husimama mbele ya jaji na kuzungumza kwa dakika 7. Chama kinachosimamia mashindano ya kitaifa kilianzishwa mwaka 1925 huko Ripon, Wisconsin. Zamani timu zilibeba masanduku yaliyojaa vipande vya magazeti, kila nchi na folda yake. Siku hizi masanduku yameingia kwenye kompyuta, ila kazi ni ileile: unafanya utafiti kabla hujajua utaulizwa nini.

Ndiyo maana makocha hugawa dunia. Huyu anapewa Mashariki ya Kati, yule Asia ya Kusini, na mtoto mwenye jina la Kiafrika, bila kuulizwa sana, anakabidhiwa Afrika. (Bara zima, nchi 54, faili moja. Haya.)

Tuchukue mashariki ya Kongo, ambako wengi wetu tuna ndugu. Swali laweza kuja hivi: je, mkataba wa Washington kati ya Kongo na Rwanda utaleta amani? Linataka jibu na sababu zake. Anayeanza na enzi za Mobutu, dakika zitamwishia kabla hajafika vita vya 1998.

Mwanafunzi anahitaji uzi mmoja wa kuvuta, nami ningevuta wa mikataba. Jina la waasi wa M23 lenyewe ni tarehe: 23 Machi 2009, siku Kinshasa ilipotia saini makubaliano na waasi wa CNDP ili waingizwe jeshini. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi upya wakidai hawakutimiziwa, wakauteka mji wa Goma Novemba, wakashindwa mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2021 wakarudi. Januari 2025 wakaichukua Goma tena, Februari wakaingia Bukavu. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuwa kimeshakuja na kuondoka. Kile cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, hakikuweza kuiokoa Goma.

Sasa aangalie nani aliweka saini wapi. Mkataba wa Washington wa 27 Juni 2025 ulitiwa saini na mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda. M23 hawakuwamo. Wao walikuwa wakizungumza na Kinshasa huko Doha, ambako pande hizo mbili zilitia saini tamko la kanuni tarehe 19 Julai. Vita ni vilevile, meza ni mbili. Mwanafunzi anayeliona hilo ana hoja yake ya kwanza, tena hajamtukana rais wa mtu.

La kutukana silisemi kwa mzaha. Kila nyumba yetu ina upande wake. Kwa mmoja, FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, ni kisingizio cha Kigali; kwa mwingine, ni mabaki ya wauaji wa kimbari wa 1994. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika juu ya askari wa Rwanda kuwa bega kwa bega na M23, jambo ambalo Kigali inalikanusha, na pia juu ya jeshi la Kongo kushirikiana na FDLR. Mtoto ayabebe yote mawili. Jaji anasikiliza jina la chanzo na tarehe yake. "Baba kasema" haimo.

Hapo Kiswahili cha nyumbani kinalipa. Redio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo tangu 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili, na DW na BBC zina idhaa zao. Wenzake wakinukuu makala ileile ya shirika moja la habari, yeye ana taarifa ya Masisi au Minova iliyosemwa na watu wa huko.

Ila faili huoza upesi. Tarehe 4 Desemba 2025 marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikutana Washington kuuthibitisha mkataba. Wiki haikupita, M23 wakaingia mji wa Uvira, jirani kabisa na Bujumbura. Jibu lililoandaliwa Novemba likawa halifai tena.