Punda milia ya Lusinga na nyungu ya kwetu

Bababa na bamama ya Buluo, tukisikia habari ya safari ya kuangalia banyama, mara moja tunawaza Kenya ao Tanzania. Kumbe parke iko hapa kwetu Katanga. Upemba ilifanywa tarehe 15 Mei 1939. Kundelungu ilifuata mu 1970.

Kutoka Likasi, munashika barabara ya Mitwaba, kiisha munapanda juu ya milima ya Kibara mpaka Lusinga, kwenye poste ya bagarde. Kule ni mita 1,700 na zaidi. Mu mwezi wa sita asubuhi baridi inauma, basi mubebe makoti ya batoto. Muende wakati wa kipwa, kwani mvua ikianza motokari inalala mu matope. Na mbele ya kutoka, muulize ICCN ruhusa, na kama njia iko salama.

Musingojee makundi kama ya Serengeti. Kule punda milia banapita laki moja. Huku habafiki elfu. Munazima motere, munanyamaza, munatafuta mistari mu majani. Mukibaona, mujue hawa njo punda milia ya mwisho mu Kongo muzima.

Vita na bunduki vilimaliza bengi. Lakini waya ya mutego nayo inaua kila siku, tena haichagule. Punda milia jike anabeba mimba mwaka muzima na zaidi, kiisha anazaa mutoto mumoja tu. Akinaswa, miaka ya kungojea imepotea. Na nyama ya pori ya kukausha inashuka mpaka masoko ya miji ya shaba, kwa sababu iko na banunuzi. Banunuzi ni nani? Ni siye benye kulipwa mwisho wa mwezi.

Siye batu ya mugodi tunajua namna kitu inaisha. Shinkolobwe, hapa karibu, ilifungwa mu 1960. Madini ikitoka mu udongo hairudi. Nyama, ukiiacha, inazaa tena.

Tangu 2017 ICCN inalinda Upemba pamoja na Forgotten Parks, na bagarde bamekwisha kufa mu kazi ile. Hata mwenye hana motokari anaweza kubasaidia: siku ya kununua mboga, achukue kuku ao bitoyo, nyama ya pori aiache.